Malindi au Watamu? Nilivyopima kwa daftari la risiti

Mimi ni fundi wa friji na AC. Kwa mtu wa kazi yangu, swali la kukaa Malindi au kuhamia Watamu, hapa pwani ya Kenya, si la barazani tu, ingawa barazani nako tunalibishania sana. Ni swali la kodi ya karakana, karo ya shule na nauli. Jengo nililokuwa nimepanga mjini Malindi lilipotakiwa kubomolewa lijengwe upya, ilinibidi nilijibu. Mtoto wa ami yangu anayeishi Watamu aliniambia Malindi imekwisha, nifungashe. Mke wangu naye akasema, "Baba Salma, tangulia wewe, sisi tutakuona."

Asiyejua huku hudhani ni mji mmoja. Ukipanda matatu Malindi unapita Msabaha, unafika Gede, unakata kushoto, na hata tikiti maji ulilobeba halijapata joto umeshafika Watamu. Njia nzima ni kilomita ishirini na kitu. Lakini riziki ya huku na ya kule haziji kwa mlango mmoja. Malindi ina Mahakama Kuu, hospitali kubwa ya umma, uwanja wa ndege, mabenki, soko, na mabasi ya Lamu na Mombasa. Kaunti zilipoanza 2013 makao makuu yalikwenda Kilifi, na wazee wa Malindi bado wana donge na jambo hilo, ila maofisi mengine yalibaki. Watamu ni kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na mahoteli na majumba ya wageni. Wageni wakija kijiji kinashiba, wasipokuja kila mtu anajua kabla ya saa sita mchana.

Ubishi wa barazani huanza na bahari, na hapo Watamu wanatushinda. Sababu ni mto Sabaki. Mto huu huko juu huitwa Athi, ukiungana na Tsavo huitwa Galana, na huku kwetu ndio Sabaki unaomwaga baharini kaskazini ya mji. Bara kukinyesha unashuka na udongo mwekundu wa mashamba ya watu. Msimu wa kusi maji hayo husukumwa upande wa Mambrui na sisi tunapona. Kaskazi ikivuma udongo unarudishwa kusini, unaingia ghuba ya Malindi, na kaskazi ndiyo miezi ya wageni. Kwa hiyo mgeni aliyelipa nauli ya ndege kuja kuona bahari ya buluu mwezi wa kumi na mbili anaweza kukuta ya kahawia mbele ya mji, na taksi inampeleka Watamu. Mbuga za bahari za pande zote mbili zilitangazwa mwaka mmoja, 1968, lakini samaki wa rangi hawaonekani ndani ya matope. Mimi siogelei kabisa. Ila anapolala mgeni ndipo AC inapowashwa.

Tena Malindi iliwategemea mno Waitaliano. Walianza kutuzoea tangu enzi za kituo chao cha anga cha San Marco kule Ngomeni, kilichorusha setilaiti kutoka baharini 1967, kisha wakaja wenye mahoteli, wakaja wastaafu. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwapunguza, korona ya 2020 ikamalizia kazi. Hoteli iliyofungwa haiiti fundi. Watamu yenyewe ilidaka wageni wa Nairobi, hasa tangu treni mpya ya Nairobi hadi Mombasa, SGR, ianze 2017, na vijana wanaokuja kucheza na upepo kwa vishada na mbao zao, ambao hawajali kusi wala kaskazi alimradi kunavuma. Wanaokuja kwa ndege wanashukia Malindi, wanapita mjini kwetu na vioo vya gari vimefungwa, AC imewashwa. Gari hizo sitengenezi mimi.

Kwa maneno hayo peke yake ningehama siku ile ile. Kilichonizuia ni daftari la risiti. Nina tabia ya kutunza nakala zote tangu nianze kujitegemea, kwa hiyo nilikaa usiku mmoja nikazichambua kwa mwezi na kwa mahali. Kiasi cha pesa sikukitazama kwanza. Nilitaka kujua nani aliniita, lini, na alinilipa baada ya muda gani.

Miezi ya kuanzia Desemba hadi Machi, Watamu ilikuwa juu bila ubishi. Jumba moja lenye vyumba sita na kila chumba AC yake lilinipa kazi ya kunitosha kuliko friji za maduka ya wiki nzima Malindi. Kisha unafungua Aprili. Unafungua Mei. Kurasa za Watamu ni nyeupe. Za Malindi haziruki juu wala haziporomoki. Bucha wa sokoni frizaa yake haijui msimu. Duka la dawa lazima insulini ya wenye sukari ikae baridini, mvua inyeshe isinyeshe. Yupo mama wa maziwa, msikiti ulioweka AC mbili, mawakili wa karibu na mahakama, na Ramadhani ikiingia kila mwenye friji ya kuuzia juisi anaikumbuka siku moja kabla. Kazi ndogo ndogo, malipo madogo, lakini wengi wananilipa mkononi kabla sijakunja mfuko wa vyombo.

Malipo ya Watamu yana safari ndefu. Tajiri wa nyumba yuko Milano au Nairobi. Anayekufungulia geti ni mtunza nyumba, na huyo ndiye bosi wako wa kweli. Unapiga picha kompresa iliyokufa, mtunza nyumba anaituma, tajiri anauliza maswali, anatuma picha kwa rafiki yake anayejiona fundi, wiki inapita. Na kabla hujapandisha ngazi unasikia: "Fundi, na mimi uniangalie." Mafundi wengi huongeza cha juu ndani ya bei, tajiri akigundua wanafukuzwa wote wawili. Mimi nilipanga hivi: bei ninayoandika ni ya kazi tu, na mtunza nyumba akinisaidia kushika ngazi, kuzima umeme na kusafisha, namlipa kibarua kama ninavyomlipa kibarua yeyote, kazi ikiisha, na jina lake linaonekana kwenye risiti. Wawili hawakunipigia tena. Waliobaki tunaheshimiana.

Kuna na chumvi. Nyumba iliyo mstari wa mbele wa bahari inaimaliza kondensa, ile sehemu ya AC inayokaa nje, kwa kasi ambayo mtu wa Nairobi haamini. Yale mabamba membamba ya aluminiamu yanageuka unga, bomba la kopa linatoboka, gesi inatoka. Kwa fundi ni kazi inayojirudia, ndiyo, lakini ni lawama pia, maana tajiri anakumbuka tu kwamba mwaka jana ulimwekea mpya. Dawa ni kuiosha mara kwa mara kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Nilimkuta mlinzi mmoja akiiosha kwa bidii zote, kwa maji ya kisima. Visima vingi vya pale viko kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chumvi, kwa hiyo alikuwa anaipaka chumvi juu ya chumvi. Maji ya mfereji yanatoka Baricho, kule kule yanakotoka ya Malindi, na siku yakikatika Watamu unabaki na kisima chako.

Nikaona hesabu ya kazi peke yake haitoshi. Nilipanga chumba Timboni, mtaa wanaokaa wafanyakazi wengi wa mahoteli, nikaishi huko kuanzia msimu wa wageni mpaka mvua. Mke na watoto walibaki Malindi, wakija siku za mapumziko.

Timboni si pabaya. Usiku umetulia, unafahamika na kila mtu baada ya muda mfupi, na kijana mwenye mikono miwili hakosi cha kufanya msimu ukiwaka: bustani, jikoni, kufua, mashua, kufundisha wageni. Lakini kwa kodi ya vyumba vyangu viwili vya Maweni, mtaa wetu wa Malindi, nilipata kimoja, na choo cha kushirikiana. Mboga zinatoka soko la Gede au Malindi, zikifika zimeshaongezeka bei. Samaki ndiyo ilinishangaza. Uko pwani, unamwona mvuvi anashusha kolekole, na huyo kolekole ana mwenyewe kabla hajagusa mchanga, mnunuzi wa hoteli amesimama na mzani. Wewe unabaki na tasi.

Mke wangu anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Malindi wateja wake ni watoto wa shule, wa tuk-tuk na wa ofisini. Alijaribu Timboni wakati wa likizo. Wafanyakazi wa mahoteli wanatoka alfajiri na wanakula chai kwenye kantini ya kazini, bure. Sufuria ya mbaazi ilirudi ikiwa bado na robo tatu. Hakusema kitu, alinitazama tu.

Shule ziko, hata za kulipia nzuri. Ila kuna jambo watu hawalifikirii mpaka wanapojaza fomu: Watamu iko eneo bunge la Kilifi Kaskazini, Malindi ni eneo bunge la peke yake. Ukihama, basari ya CDF, mfuko wa eneo bunge, unaenda kuanza upya kwa watu wasiokujua, na chifu mpya akuandikie barua. Kwa mwenye mtoto anayeingia sekondari hilo si dogo.

Lililomaliza ubishi nyumbani kwetu ni kifua cha mtoto wetu wa pili. Ana pumu. Usiku mmoja wa likizo alibanwa, na kutoka Timboni mpaka Malindi usiku ni kumwamsha mwenye gari, kukubaliana bei ukiwa huna nguvu ya kubishana, kisha Gede, kisha barabara kuu. Alipona kabla ya asubuhi. Mke wangu alipomrudisha Malindi alirudi na mablanketi yote.

Mimi nilibaki mpaka Mei kwa makusudi. Mwezi wa kumi na mbili kila mji wa pwani ni mzuri, na ushauri unaotolewa mwezi huo una harufu ya bakshishi. Mei ndipo mikataba ya msimu imekwisha, mpishi uliyemzoea amerudi kwao Ganze kulima, vyumba vitatu kwenye ploti vina kufuli, na muuza duka ameanza kufunua daftari la madeni ukipita. Hata muuza vocha anakusalimu mara mbili. Malindi mwezi huo huo barabara zina madimbwi na tuk-tuk zinalalamika, lakini soko linauza.

Mei hiyo ndiyo iliyonionyesha kazi niliyokuwa siioni. Majumba yamefungwa, mvua inanyesha, unyevu umejaa ndani. AC isiyowashwa miezi mitatu inaota ukungu, magodoro yananuka, na tajiri akija Julai anapiga simu kwa hasira, siku moja na matajiri wengine wote. Nikaenda kwa watunza nyumba ninaoelewana nao nikapendekeza huduma ya kipindi cha mvua: nafungua kila mashine, naiosha kwa maji baridi ninayokuja nayo kwenye madumu, napaka kondensa dawa ya kuzuia kutu, naziwasha kwa zamu zikaushe vyumba, natuma video kwa tajiri. Anayekubali analipa mwisho wa Machi, angali na wageni na pesa inaingia. Kwa Waitaliano natuma sauti kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza. Wanacheka, wanalipa.

Kwa hiyo karakana niliipata Malindi, ndani kidogo kutoka barabara kuu ambako kodi inavumilika, na familia ikabaki Maweni. Watamu nina stoo uani kwa mtoto wa ami yangu: mitungi ya gesi, pampu ya vakyumu, ngazi ndefu, madumu. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanila nauli na mgongo. Msimu ukianza, kijana ninayemfundisha anahamia huko, na mimi nashuka mara mbili kwa wiki. Simu ya dharura ya usiku anaipokea yeye. Anaipenda Watamu kuliko ninavyoipenda, hana mke wala mtoto wa kumkimbiza hospitali, na akiniuliza namwambia akae.

Ila nimemlazimisha mambo mawili. La kwanza ni mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, kwa sababu hoteli kubwa za pale haziangalii mkono wako kabla ya cheti, wakati bucha wa Malindi hajawahi kuniuliza karatasi. La pili ni kodi. Wenye nyumba kadhaa wa Timboni wanakubali kushusha kodi ya Aprili hadi Juni, ukiwaomba Februari wakati vyumba vimejaa na wewe ni mpangaji anayelipa. Ukingoja wenzako wahame ndipo uombe, mwenye nyumba anaona nawe umeshafungasha, anakuonyesha geti.