Picha safi, mgonjwa hoi: siku yangu chumba cha MRI

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kwenye matatu ya Githurai, makanga anadai nauli huku nikisinzia. Saa mbili nimeshawasha kompyuta ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Magoti mawili, mgongo mmoja, hakuna la kusimulia.

Saa tatu na nusu analetwa msichana wa chuo kwa kiti cha magurudumu. Wiki tatu halali, anawaogopa ndugu zake, mdomo unatafuna kitu kisichokuwepo.

"Daktari, tulianza na maombi, halafu tukaambiwa ni wazimu," mama yake ananiambia.

Mimi si daktari, kazi yangu ni kupiga picha, ila sikumkatiza. Tunamvua hereni na rozari. Napapasa wigi, nakuta pini mbili chini yake. Sumaku yetu ina nguvu ya Tesla 1.5 na haizimwi jioni kama taa. Pini ingeruka kama risasi. Anapewa dawa ya kulala, mashine inaanza kugonga kama mafundi wa mabati wa Gikomba.

Ubongo unatokea kwenye skrini. Safi kabisa.

"Kwa hivyo hana kitu?"

Swali hilo hunichoma kila mara. Kuna ensefalitisi, yaani ubongo kuvimba, ambayo kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazopokea ujumbe. Daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake waliieleza mwaka 2007. Vipokezi hupungua juu ya seli, lakini seli zenyewe kwa kawaida hazifi, ndiyo maana mara nyingi MRI haioni chochote. Picha inasaidia kuondoa uvimbe, usaha au kiharusi kwenye hesabu. Baada ya hapo ni kupima maji ya uti wa mgongo, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), na altrasaundi ya ovari, kwani wasichana wengine huwa na teratoma, uvimbe unaoweza kubeba hata tishu za neva.

"Mama, picha kuwa safi si kusema mtoto ni mzima. Daktari wake atakueleza." Sina ruhusa ya kusema zaidi.

Saa saba, chai na chapati, nimesimama.

Saa nane ni zamu ya mzee anayesahau majina ya wajukuu. Uso na mkono wa upande mmoja humshtuka kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, na sodiamu, chumvi ya damu yake, iko chini. Kwake picha inasema: sehemu za ndani za tempora, ubongo wa karibu na masikio, pande zote mbili, zimeng'aa kwenye FLAIR, aina mojawapo ya picha za MRI. Mtaalamu anayesoma picha anataja kingamwili za LGI1, yaani kinga ya mwili kushambulia protini ya ubongo yenye jina hilo. Lakini virusi vya herpesi navyo hupenda sehemu hizo hizo, kwa hiyo asaiklova, dawa ya virusi hivyo, haikatwi mpaka majibu ya maji ya mgongo yarudi.

Saa kumi na moja jioni mwenzangu wa altrasaundi anapiga simu: ovari ya kulia ya yule msichana ina uvimbe. Daktari wake ameshaarifiwa.

Nafungua kabati la vitu vya wagonjwa. Rozari imechukuliwa, pini zimebaki. Nazifunga kwenye karatasi na kuandika nambari ya wadi.