Kwanza nimwone, ndipo nimpe alama

Jumapili, usiku.

Fomu za tathmini zinatakiwa ofisini Ijumaa, na bado kuna bahasha ambazo sijazifungua.

Kwa asiyewahi kuziona: shule nyingi za msingi hapa Marekani zina programu ya watoto wenye vipawa, yaani darasa au vipindi ambamo mtoto hupewa hisabati ya juu zaidi, vitabu vigumu zaidi, na kazi za kufikiri zinazochukua wiki kadhaa. Hakuna kanuni moja ya taifa zima inayosema nani aingie. Kila jimbo lina yake, na mara nyingi kila wilaya ya shule ina utaratibu wake. Kwetu sisi, mwalimu wa darasa ndiye anayeulizwa kwanza. Napewa karatasi yenye sentensi kadhaa, kila moja ina ngazi zake kuanzia "kamwe" hadi "karibu kila mara": huuliza maswali yenye kina, hukumbuka upesi, huing'ang'ania kazi mpaka iishe, huona uhusiano ambao wenzake hawajauona. Jumla ikifika kiwango, mtoto anaitwa kupimwa uwezo wake kwa mtihani. Isipofika, habari yake imeishia hapo, na mzazi anaweza asijue kamwe kwamba kulikuwa na fomu.

Hapo ndipo moyo wangu unapokataa. Sioni ubaya mwalimu kuulizwa. Tena ningeumia kama tusingeulizwa. Ninachokikataa ni kalamu yangu kupewa nguvu ya kumzuia mtoto hata asipimwe.

Ziko sababu nzuri za fomu hizi kuwepo. Miaka ya 1970 Joseph Renzulli wa Chuo Kikuu cha Connecticut, pamoja na wenzake, walitengeneza vipimo vya tabia ambavyo mwalimu angevijaza kuhusu mwanafunzi wake, na fomu nyingi za leo zina asili huko. Mwaka 1978 Renzulli aliandika kwamba kipawa si akili ya mtihani peke yake; ni mahali panapokutana uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na moyo wa kujitoa kwa kazi. Mimi nakubaliana naye kabisa. Moyo wa kujitoa hauonekani katika mtihani wa nusu saa. Unaonekana siku ya mvua, watoto wote wamekwenda kucheza ukumbini, na mmoja ameomba abaki kwa sababu daraja lake la vijiti bado linayumba na yeye anataka kujua kwa nini. Hayo nayaona mimi, wala hakuna mashine ya kusahihisha majibu itakayoyaona.

Na mtihani nao hupitwa na watu. Mwaka 1921 Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi katika shule za California ili awafuatilie maisha yao yote. Wavulana wawili waliopimwa hawakufikia kiwango chake wakaachwa nje: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968.

Lakini Terman huyo huyo aligundua jambo jingine linalotuhusu sisi walimu moja kwa moja. Alikuwa akiwaomba walimu wamtajie watoto hodari kuliko wote darasani, na pia wamtajie mdogo kuliko wote kwa umri. Alihitimisha kwamba mtu akitaka kumpata mtoto mwenye akili nyingi kuliko wote katika darasa, afadhali afungue daftari la mahudhurio amchukue aliye mdogo kwa umri kuliko kutegemea maoni ya mwalimu. Ilikuwa enzi ambayo mtoto hodari alirushwa madarasa, kwa hiyo udogo wake wenyewe ulikuwa ushahidi. Mwalimu alimwona mdogo huyo akifanya sawa na wenzake, akasahau kwamba wenzake wamemzidi mwaka mzima au zaidi.

Nami hulijaribu hilo kila nikishika fomu: naandika tarehe ya kuzaliwa juu kabisa, kwa herufi kubwa. Siku hizi watoto hawarushwi madarasa kama zamani, ila umri bado unatudanganya, kwa njia nyingine. Watoto wa darasa moja wanaweza kupishana miezi kumi na moja. Kwa mtu mzima hiyo si kitu, lakini kwa mtoto wa miaka minne ni karibu robo ya maisha yake yote. Aliyezaliwa mwanzoni anashika penseli vizuri, anakaa kimya, anamaliza sentensi. Ni rahisi sana kumwona ana kipawa, kumbe amekua tu.

Kisha kuna watoto wazuri. Nawapenda watoto wazuri, wanaokuja na kazi imekamilika, mwandiko umenyooka, mkono juu kabla swali halijaisha. Darasa lisingesimama bila wao. Ila unyoofu na kipawa ni vitu viwili, na mwisho wa siku ndefu, ukiwa na karatasi mbele yako, vinafanana mno. Mwaka 1959 Carl Pegnato na Jack Birch walichapisha utafiti kutoka shule moja ya vijana wadogo ya Pittsburgh. Walilinganisha watoto waliotajwa na walimu na wale ambao mtihani wa akili wa mtoto mmoja mmoja uliwaonyesha kuwa na kipawa. Walimu walikuwa wamewapata asilimia 45 tu ya watoto hao. Na kati ya wote waliowataja, karibu robo tu ndio waliofikia kiwango. Wataalamu wa baadaye wamekosoa hesabu za utafiti ule, na kwa haki. Hata hivyo mimi nikiusoma nawaona watoto halisi, yule anayechora pembezoni mwa daftari kwa sababu hesabu ameshaimaliza kichwani, na yule anayebishana nami kila siku kuhusu kanuni za mchezo kwa sababu ameona kanuni mbili zinapingana.

Nieleze habari ya mtoto mmoja, bila jina. Alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, wazazi wake ni Wakongo, na alifika darasani kwangu akiwa na Kiingereza cha kuombea maji na ruhusa ya kwenda nje. Darasani hakusema. Siku moja wakati wa chakula nikamsalimu kwa Kiswahili, akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake sokoni ugenini. Baada ya hapo haikupita siku bila kunijia.

"Mwalimu, kitendawili!"

"Tega."

"Anameza watoto kila asubuhi, mchana anawatapika wazima, na kesho ana njaa tena."

Basi la shule. Alikitunga mwenyewe, akiwa amekaa ndani ya hilo basi. Akaja na kingine kuhusu ngazi za umeme, na kingine kuhusu saa ya ukutani ambacho kilinichukua mpaka jioni kukitegua. Mtoto wa miaka saba anakitazama kitu kigeni, anakivua jina, anakivika umbo la mnyama, kisha anaficha ufunguo mahali ambapo mtu mzima ataupata kwa shida. Ile sentensi ya fomu kuhusu kuona uhusiano ambao wenzake hawauoni iliandikwa kwa ajili yake! Nilimjazia fomu, akaitwa, akapimwa kwa mtihani wa maumbo usiotegemea lugha, akaingia.

Nafurahi mpaka leo, na furaha hiyo ina uchungu ndani yake. Mwalimu yeyote mwema wa chumba cha jirani, mwenye bidii kuliko mimi, angemwona mvulana mkimya asiyejibu maswali. Angejaza "mara chache" kwa uaminifu wote, kwa sababu hicho ndicho alichokiona. Kipawa cha yule mtoto kilionekana kwa bahati ya ratiba iliyompeleka chumba changu. Na wangapi wanazungumza lugha ambayo hakuna mwalimu hata mmoja shuleni mwao anayeijua?

Ndiyo maana habari ya Broward, wilaya ya shule huko Florida, huirudia mara kwa mara. David Card na Laura Giuliano, wachumi, waliichunguza na kuichapisha mwaka 2016. Zamani huko mtoto alipimwa akili akipendekezwa na mwalimu au mzazi. Kuanzia mwaka 2005 wilaya iliamua watoto wote wa darasa la pili wafanye kwanza mtihani mfupi usio wa maneno, na waliofanya vizuri ndio wapelekwe kwa mwanasaikolojia. Kiwango cha kuingia hakikushushwa. Kilichobadilika ni nani anayepata kupimwa. Sehemu ya watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliotambuliwa kuwa na vipawa ikapanda kutoka asilimia 2 hadi 6, na ya watoto Weusi kutoka 1 hadi 3. Watoto hao walikuwepo siku zote, wameketi kwenye madawati yao, wana uwezo uleule, ila hakuna aliyewataja. Baadaye uchumi ulipodorora fedha zikapunguzwa, upimaji wa wote ukasitishwa, na pengo la zamani likarudi.

Sitaki mtu asome hapo juu kwamba walimu ni watu wabaya. Ila lazima tuambiane ukweli. Mwaka huohuo wa 2016 Jason Grissom na Christopher Redding, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, walionyesha kwamba watoto Weusi wenye alama sawa na za watoto Weupe katika hisabati na kusoma bado walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuwekwa katika programu hizi, na kwamba pengo hilo lilikuwa dogo sana pale mwalimu wao alipokuwa naye Mweusi. Nadhani mwalimu asiye Mweusi hakuwa na chuki. Kuna utani asiouelewa, kuna namna ya kuuliza ambayo kwake inasikika kama ujeuri. Macho hujifunza kutambua kile yalichokizoea.

New York wamepita njia yao, nami nimekuwa nikiifuatilia kwa karibu. Walikuwa wakiwapima watoto wa miaka minne kwa mtihani, na wazazi wenye uwezo wakiwalipia wanao masomo ya ziada ya kujiandaa. Januari 2021 bodi ya elimu ya jiji iliukataa mkataba wa mtihani huo, na tathmini za walimu wa madarasa ya awali zikachukua nafasi yake, kisha bahati nasibu kwa waliopendekezwa. Oktoba mwaka huo Meya Bill de Blasio alitangaza kuiondoa programu hatua kwa hatua. Aprili 2022 Eric Adams aliyemfuata akaamua kuipanua. Katika mvutano wote huo kitu kimoja kilinipa moyo: watoto wa madarasa ya awali ya umma waangaliwe wote na walimu wao, pasipo kusubiri mzazi aliyesikia habari aje kuomba. Mtihani wa umri ule sikuupenda. Ila mwalimu akiwekwa mahali pa mtihani naye bado ni mlango mmoja mwembamba, na huyo mwalimu ana watoto wengi, wengine wanalia, wengine wamevua viatu.

Basi nifanye nini kabla ya Ijumaa? Fomu ni hizi, na kanuni za mwaka huu haziwezi kubadilika kwa sababu mimi sijaridhika.

Jambo la kwanza nimeshalianza: najaza fomu ya kila mtoto wa darasa langu, hata wale ambao hakuna aliyewaombea. Ofisi ilishangaa kidogo ikanipa karatasi za ziada. Wala simalizi mtoto mmoja nikaenda kwa mwingine. Nachukua sentensi moja, tuseme ile ya maswali yenye kina, naipitisha kwa darasa zima, ndipo naishika inayofuata. Nikimjaza mtoto mmoja mfululizo, jibu la kwanza huburuta yote yaliyobaki. Nikishampenda kwenye kumbukumbu nitampenda hata kwenye ubunifu. Nikienda kwa sentensi, nalazimika kumkumbuka kila mmoja upya. Na kando ya kila "karibu kila mara" naandika kitu nilichokiona kwa macho, siku gani, alifanya nini. Nikikosa cha kuandika, nashusha alama.

Fomu haina kisanduku cha "sijapata nafasi ya kumwona", na hicho ndicho ninachokihitaji kuliko vyote. Kwa watoto wanne jibu langu la kweli ni hilo. Wawili wanajifunza Kiingereza, mmoja amehamia juzijuzi, na mmoja ni mkimya tu. Nimepiga mstari kwenye ngazi zote, nikaandika pembeni kwamba naomba wapimwe, kwa kuwa sina ushahidi wa kuwakatalia. Ofisi ikirudisha karatasi, nitazipeleka tena pamoja na barua, na nakala kwa mkuu wa shule.

Mwalimu mwenzangu wa chumba cha jirani amekubali tubadilishane madarasa saa moja Jumanne na saa moja Alhamisi. Yeye atawapa wangu fumbo la maumbo, mimi nitawapa wake vitendawili, kila mtu kwa lugha ya kwao, na mwenzake amsaidie kutafsiri. Tutalinganisha majina Alhamisi jioni, kabla karatasi hazijafungwa.