Magneto iliposhuka 220 pale Tabora

Injini ikimisi kwenye jaribio la magneto (vifaa viwili vinavyozalisha umeme wa cheche za plagi; unazima kimoja kimoja na kuona mizunguko inashuka kiasi gani) usiruke, hata akwambie nani. Nasema hivi kwa sababu siku ile Tabora, mimi fundi nikiwa kiti cha kulia cha Cessna 172M, ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa: "Fundi, nendeni tu, masizi ya plagi yataungua yenyewe angani." Ni ushauri wa hatari.

Injini ilikuwa mizunguko 1,700 kwa dakika. Magneto ya kulia ilishuka 60 tu, safi. Ya kushoto ilishuka 220, ndege ikatetemeka mpaka kwenye usukani. Kitabu cha ndege hii kinaruhusu 125, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Isiposhuka kabisa usifurahi: huenda waya wa kuzimia umekatika, na propela ikisukumwa kwa mkono injini inaweza kuwaka.

Rubani akapandisha mpaka 2,000 na mchanganyiko umejaa mafuta, dakika nzima. Haikusaidia, na isingesaidia. Mafuta yakizidi hupooza moto ndani ya silinda na kuongeza masizi. Nikamwambia, "Kaka, vuta mkono mwekundu taratibu," ule wa kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko. Akavuta mpaka mizunguko ikaanza kulegea, akaacha hapo kama dakika moja, pua ya ndege ikitazama upepo ili silinda zisichemke. Akarudisha mafuta, tukajaribu tena: 170. Masizi yalikuwa yameungua, ila kuna kitu kigumu kimebaki. Tukarudi maegesho.

Plagi ziko nane, na magneto moja huwasha nne. Kuzifungua zote ni kupoteza mchana, kwa hiyo natumia maji: silinda isiyowaka hubaki baridi, na tone halichemki juu ya bomba lake. Kosa nililolifanya ni haraka: nilifungua kifuniko injini ikiwa moto, nikadondosha maji kwenye bomba la ekzosi la kila silinda, yote manne yakachemka. Lazima yachemke! Injini ilikuwa imefanya kazi kwa magneto zote mbili. Ikabidi tusubiri ipoe, na kwa jua la Tabora kusubiri huko ni kurefu. Kisha tukawasha, tukahamia magneto ya kushoto peke yake kwa dakika moja, tukazima, ufunguo ukatoka. Matone matatu yakachemka. La silinda namba 4 likateleza chini kama limedondokea chupa. Kwa mkono usijaribu, utaacha ngozi pale.

Kila silinda ina plagi ya juu na ya chini; ya chini ndiyo iliyokuwa imekufa. Ndani kulikuwa na vipunje vya madini ya risasi, vya kijivu, vigumu, vidogo kama uwele, vimeziba nafasi ya cheche. Petroli ya ndege ya 100LL inaruhusiwa risasi hadi gramu 0.56 kwa lita, na plagi za chini ndizo zinazoipokea. Vipunje hutolewa kwa sindano ya kazi hiyo. Brashi ya waya wa chuma huchafua kauri. Nafasi ni milimita 0.41 hadi 0.53. Gasketi mpya, kisha kaza kwa spana ya kipimo, Nm 47. Plagi iliyoanguka sakafuni haifungwi tena, hata ikionekana nzima.

Tukapima tena: 70 na 60.

Chanzo kilikuwa namna ya kutembeza ndege. Uwanja wa Tabora uko karibu futi 3,900, na mchana wa nyuzi 32 hewa ni nyepesi, injini inahisi kama iko futi 6,800. Ukitembea na mafuta yamejaa, unapika masizi. Baada ya kuwasha, vuta mkono mwekundu mpaka mizunguko ipande kidogo, kisha endelea kuvuta mpaka karibu injini ikatae. Ukisahau kurudisha, throto ikifunguliwa injini itakwama palepale chini, kabla hujaingia njia ya kurukia. Na ukiruka kutoka uwanja ulio juu ya futi 3,000 usirudishe mafuta yote: throto wazi kabisa, ndege imesimama, vuta mpaka mizunguko ifike juu kabisa, iache hapo.