Mkebe wa Gari

Jumapili iliyopita binti yangu alinitumia picha ya ufunguo ukiwa juu ya kiganja chake, na chini yake akaandika: "Baba, shikamoo. Gari limefika salama. Sasa niambie, kwa mwezi nitenge kiasi gani cha matengenezo?" Niliitikia marahaba, nikampongeza na kumwombea heri, kisha nikailaza simu kifudifudi mezani, kwa sababu swali lake lilikuwa limenirudisha mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, kwenye mchana mmoja wa Desemba 2018 ambao sijawahi kumsimulia kwa ukamilifu. Wakati ule alikuwa bweni. Alichokisikia ni kwamba gari la bluu liliharibika njiani na bibi yake akamalizia safari kwa basi. Habari hiyo ni ya kweli, lakini imeacha nje karibu kila kitu.

Gari la bluu halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika hesabu zangu. Tangu nilinunue mwaka 2016 nilikuwa na fungu la mafuta la kila mwezi, na fungu la bima ambalo nililikumbuka mwaka ulipokaribia kwisha, basi. Matengenezo hayakuwa na fungu. Yalilipwa na mwezi wowote uliokutwa nayo, na mwezi usioyaweza uliyasukuma kwa mwenzake. Julai 2017, Serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni za magari na kuongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita, nilimwambia mke wangu kwamba ile fedha tuliyokuwa tukiitoa kwa mkupuo sasa itakuwa ya sevisi. Nilisema kwa moyo wote. Lakini sikuitengea mahali pa kukaa, na fedha isiyo na mahali pa kukaa huingia sokoni na mwenye kapu. Hadi mwaka unakwisha sikuweza kuonyesha hata shilingi moja yake.

Septemba 2018 fundi wetu wa Tabata alifungua kifuniko cha rejeta, chombo kinachopoza maji ya injini, asubuhi, injini ikiwa baridi, akachovya kidole na kukitoa kikiwa na tope la rangi ya kutu. Maji niliyokuwa nikiongeza yalikuwa ya kisima chetu cha uani, na mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa jinsi visima vingi vya jiji hili vilivyo na chumvi. Chumvi ile ilikuwa imekula chuma na kuziba njia nyembamba za rejeta, moja baada ya nyingine, bila kelele. Aliufuta mkono akaniambia, "Mzee, mjini itakuvumilia, huendi mbali. Safari ya mlima usiende nayo." Rejeta, themostati, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) na ufundi wake vilifika shilingi 270,000. Nilimjibu kwamba tutaonana mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuwa na karo, uliofuata ulikuwa na msiba, na wa tatu sikumbuki ulikuwa na nini, jambo ambalo hunisumbua zaidi kuliko hayo mawili ya kwanza.

Desemba mama alimaliza matibabu ya macho mjini. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho upande wa kulia, akapewa miwani myeusi na dawa ya matone, na daktari akaagiza jicho lilindwe na vumbi na upepo. Alitaka kuwa nyumbani kwake Iringa kabla ya Krismasi. Nilifikiri basi lingemchosha, na kwamba kumpeleka kwa gari ndiyo heshima ninayoweza kumpa. Tulitoka alfajiri, tukanywa chai Morogoro, tukapita Mikumi taratibu kwa ajili ya wanyama, na Ruaha Mbuyuni mama akateremsha kioo akachagua vitunguu, akivibonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba. Mshale wa joto ulikuwa katikati muda wote huo, nami nikaanza kuamini kwamba fundi alikuwa amezidisha tahadhari.

Anayeujua Kitonga anajua kwamba mwendo wako si wako. Barabara ile ndiyo njia ya malori yaendayo Tunduma, na kutoka huko Zambia na Kongo, na ukikuta lori lenye shehena mbele yako unapanda kwa gia ya kwanza, kona baada ya kona, injini ikifanya kazi kubwa kabisa huku upepo wa kuipoza rejeta ukiwa hakuna. Tulikuwa nyuma ya lori la namna hiyo. Mshale ukaacha katikati. Haukuruka, ulipanda kwa uzito, ukasimama kidogo, ukapanda tena. Nilizima kiyoyozi na kufungua vioo, na mshale haukujali. Ndipo nikafanya jambo ambalo mafundi hulifundisha kwa dharura tu: niliwasha hita hadi mwisho wake, feni hadi mwisho wake, ili sehemu ya joto la injini itokee ndani ya gari.

Desemba, bonde lile lina joto la kutosha peke yake. Hewa iliyotoka kwenye matundu ya dashibodi ilikuwa kama ya mdomo wa tanuri, na ilikuwa na vumbi la miaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwasha hita Dar es Salaam. Ilimpiga mama usoni moja kwa moja. "Mwanangu," aliuliza, "mbona umewasha moto?"

"Samahani, mama. Ni kwa ajili ya injini."

Hakuuliza tena. Alivuta upindo wa kitenge chake, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya kioo cha miwani upande wa kulia na kuushikilia kwa kiganja. Kisha akageuza uso kuelekea dirishani, lakini dirishani kulikuwa na moshi mweusi wa lori, akaurudisha. Nilimwona akifanya hivyo mara tatu au nne, akitafuta upande wenye nafuu na kuukosa, huku jasho likimtiririka kutoka chini ya kilemba hadi shingoni, nami mkono wangu ukiwa pale pale karibu na kitufe cha hita nisithubutu kukizima. Nilikuwa nikimtumia mama yangu kama rejeta. Neno hilo sikulitafuta. Lilinijia pale pale nikiwa nimeshika usukani, na mpaka leo halijapata jingine la kulibadilisha.

Mvuke ulipotoka kwenye kingo za boneti nilipata upana kidogo wa barabara nikasimama. Kabla sijavuta breki ya mkono vizuri, utingo wa lori la nyuma yetu alikuwa ameshashuka na kuweka jiwe nyuma ya tairi, na sasa alikuwa akivunja matawi na kuyatandaza barabarani ili wanaokuja watuone. Alinikuta nikisogelea kifuniko cha rejeta na kitambaa mkononi. "Mzee, usifungue! Acha kwanza." Alikuwa sahihi, kwani maji yaliyobanwa mle ndani hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiyafungulia yanalipuka yote kwa pamoja. Alimwamkia mama shikamoo, akamshika mkono akamketisha juu ya jiwe lenye kivuli, akatuachia dumu la maji, akakimbilia lori lake lililokuwa limeanza kuondoka. Sikupata hata nafasi ya kumuuliza jina.

Mama alivua miwani, akafuta macho taratibu, akaivaa. Akaniuliza ugonjwa ulianza lini. Nikamwambia Septemba. Akauliza kama fundi alinieleza. Nikasema alinieleza. Akauliza bei, nikaitaja. Alinyamaza muda mrefu, tukisikiliza kitu kikigugumia ndani ya injini, kisha akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza chumvi imewekwa wapi:

"Mkebe wa gari uko wapi?"

Mama alikuwa na mashine ya kusaga nafaka kijijini. Wanaonisoma tangu zamani wanaijua, lakini nadhani mkebe wake sijawahi kuuandika. Ulikuwa mkebe wa bati wa maziwa ya unga, umetobolewa mfuniko, unakaa juu ya rafu nyuma ya injini. Kila debe lililosagwa, sarafu moja iliingia mle kabla fedha nyingine haijagusa mfuko wa mtu. Sarafu zile hazikuwa zetu. Zilikuwa za nyundo zinazoponda nafaka, chekeche na mkanda. Alinifundisha kwamba nyundo za kinu hulika pembe moja, nawe ukiziwahi unazigeuza zikafanya kazi kwa pembe nyingine, hadi pembe zote nne zimekuwa mviringo. Na kwamba ukichelewa, unga unatoka chenga, wateja wanakwenda kwa jirani, na ile fedha uliyodhani umeiokoa inaondoka nao. Alikuwa anajua kwa sikio. Angekuwa anapepeta mchele uani, akasikia mlio umebadilika, akainua kichwa na kusema, "Chekeche." Na ilikuwa chekeche. Kuna msimu wa njaa tulikunywa uji usio na sukari wiki nyingi, na mimi, nikiwa na miaka tisa au kumi, niliukuta mkebe mzito nikamwuliza kwa nini tusichukue kidogo. Alijibu, "Mashine nayo inakula. Ukila chakula chake, itakula wewe."

Hivyo mimi si mtu ambaye hakufundishwa. Nimesoma hesabu shuleni, lakini somo hili nililipata mapema zaidi, nikiwa na unga kwenye kope. Pale Kitonga nilisimama mbele ya mwalimu wangu bila jibu, kwa kuwa mkebe haukuwapo na haujawahi kuwapo. Mama alinitazama, akasema, "Basi tusubiri ipoe," na hakulisema tena jambo hilo, siku ile wala baadaye.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilisimamisha basi lililokuwa na nafasi, mama akapanda na vitunguu vyake. Gari lilivutwa hadi Iringa mjini. Fundi wa huko alipochomoa kijiti cha oili kilitoka na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yalikuwa yameshaingia kwenye oili. Gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kichwa cha injini, ilikuwa imeungua na hedi yenyewe imepinda kwa joto. Kuvuta gari shilingi 200,000, rejeta 220,000, seti ya gasketi 120,000, kusawazisha hedi kwa mashine 60,000, oili na filta mara mbili ili kusafisha 130,000, themostati, mipira na kulanti 110,000, ufundi 200,000. Jumla 1,040,000. Nililipa kwa mkopo wa simu na mkopo wa kikoba cha mke wangu, na ilituchukua hadi Juni kuimaliza. Jicho la mama lilikuwa jekundu siku tatu, kisha likapona. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapolikumbuka, na hulikumbuka mara nyingi.

Basi jioni ile ya Jumapili niliigeuza simu nikaanza kumwandikia binti yangu. Nilimwambia asianze na mwezi, aanze na kilomita, kwa kuwa gari halijui tarehe ya mshahara. Sevisi ya oili kwake itagharimu kama shilingi 90,000 kwa kila kilomita 5,000, yaani shilingi 18 kwa kilomita. Tairi nne za 480,000 zikidumu kilomita 40,000 ni shilingi 12. Akitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, hivyo viwili pekee ni 30,000. Betri na kulanti huzeeka kwa muda hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo hizo azigawe kwa miezi. Breki, bushi na shokapu aongeze juu yake, na asitumie maji ya kisima hata siku moja. Nilimwambia fedha hiyo ikae kwenye laini nyingine ya simu, isiyo ya matumizi, na itoke siku ile ile anapojaza mafuta.

Alisoma, akashukuru, kisha akauliza: "Na nikiuza gari kabla fedha hiyo haijatumika?"

Nilikaa na swali hilo. Umeme ulipofika kijijini, mtu alileta mashine ya umeme na wateja wa mama wakahamia huko ndani ya miezi michache. Siku tulipoifunga ile ya dizeli, mkebe ulikuwa na fedha ya seti nzima ya nyundo ambazo hazingehitajika tena. Nyundo zilizokuwa ndani ya kinu zilikuwa nzima, chekeche zima, mkanda mpya. Mama aliufungua mkebe kwa kisu, akahesabu, akaninunulia godoro la kwendea shule. Sikumbuki kama alikuwa na huzuni au la.

Nilimwandikia binti yangu habari ya godoro. Habari ya hita niliiandika pia, kuanzia Ruaha Mbuyuni, nikafika pale mama alipokunja kitenge mara mbili. Ujumbe huo bado uko kwenye simu, haujatumwa.