Siku niliyojificha nyuma ya pazia Nangurukuru

Mtwara, Jumapili usiku

Nimerudi jana kutoka Dar. Miguu bado imevimba, mizigo iko sebuleni haijafunguliwa, na kuna jambo nataka kuliandika kabla sijalizoea. Nimepanda basi la watu wengine.

Kwa mtu asiye wa Kusini hili si jambo la kuandika. Basi ni basi, unakata tiketi unakwenda. Lakini mimi tangu 2008 sikuwahi kwenda Dar wala kurudi kwa kampuni nyingine. Nikihesabu safari nne kwa mwaka za kufuata vitenge, zipu na nyuzi Kariakoo, bila kutia misiba na harusi, hazipungui sitini. Siti yangu ilijulikana: dirishani, nyuma ya dereva. Enzi za vitabu vya tiketi hawakuniuliza hata jina. Aliyekuwa anakatisha aliandika "Mama Hidaya", akachana karatasi, akanipa.

Huu ugonjwa nimeurithi. Marehemu baba alikuwa nao, ila wake ulikuwa wa meli. Miaka ile meli zilikuwa zinatoka Dar zinakuja Mtwara, na baba alikuwa na moja tu aliyoiamini. Ikiwa mbovu, anasubiri. Wenzake wanapanda nyingine wanaondoka, yeye amekaa barazani anasema ile haijui bahari. Mama alikuwa akisema mzee ameoa chuma, yeye ni mke mdogo.

Yangu ilianzia kwenye tope. Aprili 2008, masika imekolea. Daraja la Mkapa lilikuwa limeshafunguliwa tangu 2003, mita 970 juu ya Rufiji, kwa hiyo habari za kulala Ndundu kusubiri pantoni zilishabaki kuwa hadithi za wakubwa. Sisi tukajiona tumeendelea. Kumbe daraja ni daraja, barabara ni barabara. Kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kama kilomita 60, kilikuwa udongo mtupu, na udongo ule ukishiba maji haumwachii mtu. Tulikuwa tunarudi Mtwara. Mbele yetu malori yamelala ubavu, nyuma yetu mabasi, hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Tulilala pale usiku wa kwanza. Usiku wa pili Hidaya, miaka mitatu, akapandwa na homa.

Basi lile lilikuwa na utingo, kijana mwembamba sana, wote wakimwita Mdogo. Asubuhi alikuja akaniambia, "Mama, nipe mtoto." Akambeba shingoni, suruali imekunjwa hadi mapajani, akapita naye kando ya foleni ya malori, mimi nyuma nimeshika viatu mkononi, mpaka tukafika kwenye nyumba moja ya makuti ambapo kulikuwa na moto na mwanamke anayepika uji. Alikaa na sisi mpaka mtoto akanywa, kisha akarudi kusukuma basi. Uji alilipa yeye. Nilipotaka kumrudishia hela akasema hesabu atafanya na bosi. Sidhani kama bosi aliwahi kuisikia hesabu hiyo.

Basi tangu hapo nikawa wao. Wala haikuwa nadhiri, haikunijia tu kupanda kwingine. Lami ikaja, ikakamilika, na kile kipande kilichotulaza siku mbili sasa unakipita chini ya saa moja, wengi wamesinzia. Mdogo naye akapanda cheo: akawa konda, akaenda kusomea udereva, akarudi na leseni na kitambi. Sasa ni suka wa basi kubwa, watu wanamwamkia, lakini jina halikubadilika. Nami siti yangu iko palepale nyuma yake, tunapiga soga toka Mikindani mpaka Mbagala.

Mei 2024 kile kimbunga kilipopiga pwani yetu na barabara ikakatika kule Somanga, mimi nilikuwa Dar, mizigo nimeshafunga. Simu ikaita alfajiri. Ni Mdogo. "Shikamoo mama. Usije stendi, hakuna kuondoka. Mwanao ametukatia barabara." Sikumwelewa mpaka nilipofungua redio: kimbunga chenyewe kimepewa jina Hidaya. Nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikaona aibu, maana wenzangu walikuwa wamekwama njiani, na wengine walilazimika kuzunguka kupitia Songea na Tunduru ndipo waingie Masasi. Mimi nililala kwa dada yangu Temeke kwa raha zangu, kwa sababu kuna mtu alinikumbuka.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Msimu wa korosho, kila mwenye hela anakwenda Dar na kila anayetafuta hela anakuja Mtwara, mabasi yamejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshalipia siku tatu kabla. Nafika stendi, siti yangu imekaliwa na bwana mmoja mwenye begi la kompyuta. Siku hiyo Mdogo alikuwa mapumzikoni. Nikaenda ofisini. Kijana wa pale, sijui ni mtoto wa nani, hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, siti inapangwa na mfumo." Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni mteja wao wa siku nyingi. Akasema, "Mama, abiria wote ni sawa."

Na ni kweli. Abiria wote ni sawa. Ndicho kilichoniuma.

Nilisafiri kule nyuma kabisa, ule mstari wa watu watano, kila tuta linakurusha unagusa dari. Mpaka Kibiti nilikuwa nimeshaamua.

Hidaya sasa ana miaka 20, anasoma chuo huko Dar, na ndiye aliyenikatia tiketi ya kampuni mpya kwa simu, kwenda na kurudi, hata hakuniuliza mara mbili. "Mama, na wewe uonje." Watoto wa siku hizi hawana ugomvi na chombo. Leo hiki kesho kile, kama wanabadilisha laini ya simu.

Basi Jumatatu alfajiri nikafika stendi ya Mkanaledi nimejifunga mtandio hadi kwenye nyusi, kama mtu anayekwenda kwa mganga. Wapiga debe wananijua. Mmoja akanyanyua begi langu moja kwa moja kulipeleka kwenye basi la zamani, nikalazimika kumkimbilia. "Siyo hilo, mwanangu, leo ni lile." Akaniangalia. Hakusema kitu, na mpiga debe akinyamaza ujue kumetokea jambo.

Niwe mkweli, kwa sababu hapa sina wa kumdanganya: lile basi jipya ni zuri. Siti mbili kwa mbili, goti halimgusi wa mbele. Pa kuchajia simu papo. Kijana amevaa fulana safi, anapita na maji na biskuti, anakwita "mama" bila kukuharakisha. Muziki wa chini. Saa kumi na mbili kamili tukatoka. Si kumi na mbili ya "tunamsubiri abiria mmoja anakuja na bodaboda", ni ile ya saa yenyewe. Badala ya kusimama porini watu wachimbe dawa, akina mama upande huu akina baba upande ule, kila mtu anatafuta kichaka chenye heshima, wao wanasimama penye vyoo vya maana. Mtu mwenye miaka 52 na goti bovu halidharau hilo. Na safari ya kurudi mzigo wangu ulipimwa kwenye mizani, nikapewa risiti, ukabandikwa namba, ukafika mkavu. Nauli imezidi kama sahani mbili za wali samaki. Sioni wameniibia.

Kiyoyozi tu ndicho kilinishinda. Nilijifunika khanga zote mbili, nikabaki kama maiti anayesubiri swala.

Tumepita Mingoyo, tumepita Lindi bahari ikiwa inameta kulia kwetu, tumepita Mchinga, na kote huko nilikuwa najisikia vizuri tu, nimenyoosha miguu, najilaumu kwa miaka niliyokaa nikibanana. Tukafika Nangurukuru. Dakika ishirini za chakula. Ndipo nikaliona basi la zamani linaingia nyuma yetu, linapaki sambamba na sisi, dirisha kwa dirisha. Kwenye usukani ni Mdogo.

Nilivuta pazia. Sijui kwa nini, mikono ilivuta yenyewe. Mwanamke mzima, mwenye duka lake na mafundi watatu, nimejibana nyuma ya pazia la basi kama niliyefumaniwa gesti. Njaa inauma, na wali ninauona kupitia upenyo wa pazia unapakuliwa. Nikasema nitakaa humuhumu mpaka tuondoke. Lakini yule kijana wa fulana, kwa wema wake, akaja kunisimamia: "Mama, hushuki kula? Unaumwa?" Kwa sauti ya kusikika Kilwa Masoko.

Nikashuka. Mdogo alikuwa ameegemea tairi lake anachokonoa meno. Aliniona, akaliangalia basi nililoshuka, akaniangalia tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umetuhama?"

Nilikuwa nimeshaandaa maneno kichwani tangu mwezi wa kumi na moja. Habari za siti, habari za yule kijana wa ofisini, habari za mfumo. Yote yakapotea. Nikasema Hidaya ndiye aliyekata tiketi. Nimemtwisha mtoto lawama zangu mchana kweupe.

Akacheka. "Ya ile siti niliambiwa, mama. Nilisema ofisini. Lakini mimi ni dereva tu." Kisha akamgeukia yule kijana wa fulana, akamwambia, "Huyu ni mama yangu. Mizigo yake hesabu mara mbili," akaenda kunawa.

Nilikula wali bila kuusikia. Nilichokuwa nawaza ni hiki: miaka yote nilijiona mteja wa kampuni ile, nikiwatetea hata basi lilipokuwa linavuja mvua juu ya kichwa changu. Kumbe kampuni ni ile ofisi. Na ile ofisi haikuwahi kunibebea mtoto. Deni langu lilikuwa kwa mtu mmoja, na nilikuwa nalilipa kwenye dirisha lisilo lake. Sasa nitalilipaje? Nikipanda basi lake, hela inakwenda kulekule. Nisipopanda, ananiuliza kama nimewahama, na sina jibu.

Baada ya hapo ni Somanga. Yeyote wa njia hii anajua Somanga ni samaki. Basi linapunguza mwendo tu, wauzaji wameshafika, sinia zimeinuliwa hadi dirishani, changu, kamba, pweza, unateremsha hela wao wanapandisha samaki, unabishana bei huku basi limeshaanza kutambaa na kijana anakimbia na chenji yako. Mimi sijawahi kupita Somanga mikono mitupu. Lile basi jipya halikusimama. Na madirisha yake hayafunguki. Tuliwapita wameinua sinia zao, midomo inachezacheza, sauti haiji, kama televisheni iliyozimwa sauti. Mama mmoja alinitazama kabisa machoni. Nikageukia biskuti yangu.

Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, hayo sina la kusema, nililala.

Tuliingia Mbagala Rangi Tatu mapema kuliko nilivyozoea. Hidaya alikuwa ameshafika kunipokea, ameng'ang'ania begi, anataka twende. Nikamwambia tusubiri kidogo. "Tunasubiri nini, mama?" Sikujua namna ya kumwambia kwamba ninasubiri basi ambalo sikulipanda. Tukanunua maji, tukakaa kwenye benchi la muuza vocha. Dakika ya thelathini na kitu hivi basi la zamani likaingia, vumbi hadi kwenye vioo. Mdogo alishusha abiria wake wote kwanza, kisha akaja kwetu na furushi la gazeti, mafuta yameshapenya.

"Nilijua nyinyi kule hamsimami," akasema.

Nikafungua pochi. Akaniwekea mkono juu yake, akaufunga, kama nilivyofungiwa mkono siku ile ya uji. Hidaya akamwamkia kwa adabu, shikamoo kaka, akapokea furushi. Yeye hamkumbuki. Angewezaje, alikuwa na miaka mitatu na homa.

Mdogo akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba, mtoto amemzidi urefu.

"Kumbe ndiye huyu," akasema, "aliyetukatia barabara?"

Hidaya akanitazama mimi, akamtazama yeye, mafuta ya samaki yanamchuruzikia kwenye kiganja.