Slaidi ya dentini bila mashine

Mtu akikushauri uloweke jino kwenye asidi ndipo ulikate upate slaidi ya dentini (sehemu ngumu ya ndani ya jino) ya kutazama kwa hadubini, mwambie akaloweke la kwake. Mimi niliambiwa hivyo na kaka mmoja aliyetutangulia chuoni, tena kwa kujiamini: "Litalainika, utakata kwa wembe tu." Na kweli lililainika! Nilipolitoa kwenye asidi ya nitriki, enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, haikuwepo. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini, kwa hiyo ilikuwa imeyeyuka yote. Kilichobaki ni dentini isiyo na madini, kolajeni (protini ya nyuzinyuzi) karibu tupu, unaibonyeza inabonyea, unaipinda inajirudi. Dentini ina madini asilimia 70 hivi, maji 10, na zile 20 nyingi ni kolajeni, ndiyo maana haikupotea. Lakini mwalimu alitaka dentini na enameli zikiwa pamoja, na mashine ya kukatia ilikuwa mbovu siku nyingi.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kununua msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari, kuanzia mkali hadi namba 1200, na supagluu. Vyote havikufika elfu kumi. Gego jingine nililipata kwa ruhusa, limeshatiwa dawa.

Sikukata chochote. Nilisaga ubavu mmoja kwenye maji mpaka chumba cha kiini, ile sehemu laini ya katikati ya jino, kikajitokeza, nikabandika uso huo bapa kwenye slaidi, nikageukia ubavu wa pili. Wengi huharibia mwishoni kwa haraka. Kipimo changu kilikuwa gazeti: weka slaidi juu yake, na herufi zikianza kusomeka kupitia jino, achana na msasa mkali. Gluu inaachia kwa asitoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Na rangi ya kucha yenyewe ndiyo niliyozibia kingo za kioo cha juu, jino likiwa kavu kabisa. Ukavu ndio ujanja wenyewe, maana hewa ikibaki ndani ya vijifereji vya dentini, kwenye hadubini vinaonekana vyeusi tii.

Nilipoviona nilipiga kelele maabara nzima ikageuka. Vinatoka kwenye kiini hadi mpakani mwa enameli. Kwenye taji (sehemu ya jino inayoonekana mdomoni) vimejipinda, kwenye mzizi vimenyooka zaidi. Karibu na kiini vimesongamana, kwa sababu odontoblasti, seli zinazojenga dentini, huanzia mpakani na kurudi nyuma kwenye nafasi inayozidi kuwa finyu, kama mtu anayepiga deki kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kila moja huacha mkia wake nyuma, na kijifereji ndiyo njia ya mkia huo. Hutangulia kolajeni laini, madini hufuata, na kwa siku unene huongezeka takriban maikromita 4, yaani sehemu nne za elfu moja za milimita.

Mistari ya ukuaji huo ipo pia, inakatiza vijifereji. Ukitaka kuiona, punguza mwanga wa hadubini. Kwenye mwanga mkali mimi sikuona hata mmoja.