Maple Street ikihamia Kisaasi

"The Monsters Are Due on Maple Street" ya mwandishi wa Marekani Rod Serling wengi wanaijua kama kipindi cha runinga tu. CBS ilikirusha Marekani tarehe 4 Machi 1960, kikiwa sehemu ya mfululizo wa The Twilight Zone, dakika kama 25. Mwaka uleule Serling aliigeuza hadithi fupi ya kusomwa, akaiweka pamoja na nyingine tano katika kitabu kidogo cha jalada jepesi kilichotolewa na Bantam. Hiyo ya kitabuni ndiyo ninayoipenda zaidi. Na kwa anayeandika hadithi za Kiswahili hapa Uganda, sijui zoezi zuri kuliko kuihamishia mtaani kwake na kuona inavunjika wapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Saa 12 na dakika 43 jioni, majira ya joto yakielekea mwisho, watoto wanacheza na muuza aiskrimu yuko barabarani. Kitu kinapita angani kwa kishindo na mwanga. Umeme unakatika, simu zinakufa, magari hayawaki. Mtoto mmoja, Tommy, anasema amesoma kwamba viumbe wa anga za juu hutanguliza familia moja inayofanana kabisa na watu. Kuanzia hapo mtaa unajitafutia adui wenyewe. Gari la Les Goodman linawaka lenyewe, na papo hapo majirani wanakumbuka kwamba usiku wa manane huwa anasimama kibarazani akitazama mbingu. Maskini, hapati usingizi tu. Jirani mwingine, Steve, naye anashukiwa: ana redio chini ya nyumba. Giza likishaingia, mtu anaonekana akija kwa miguu. Charlie, mmoja wa majirani, anafyatua bunduki. Aliyeanguka ni Pete Van Horn, jirani aliyekwenda mtaa wa pili kuangalia kama nako umeme umekatika. Alikuwa amebeba nyundo.

Sasa tuseme ni Kisaasi, kitongoji cha Kampala. Kitu cha kwanza kuvunjika ni umeme wenyewe. Hapa taa zikizimika, mtu anachungulia dirishani kujua kama ni Yaka yake, umeme wa kulipia kabla, imeisha au ni mtaa mzima, kisha anawasha tochi ya simu na kuendelea kumenya matoke. Muda si mrefu jenereta la dukani linanguruma. Nyumba moja ikibaki na mwanga hakuna anayeshtuka: ana sola, au ana inverta. Ushahidi wote aliouotesha Serling unanyauka. Wengi wakifika hapo huongeza giza, walifanye la siku tatu, walifanye zito kupita kiasi. Haisaidii, kwa sababu msomaji wetu ameshazoea giza na ana maelezo yake tayari.

Dawa ni kuzima vitu ambavyo havina maelezo. Simu zenye chaji ya kutosha zizime zote kwa wakati mmoja. Pikipiki za steji ya bodaboda, nne au tano, zipigwe kiki mpaka wenyewe watoke jasho, zikatae. Hata kiberiti unaweza kukifikiria, lakini mimi ningekiacha: kiberiti kikikataa tumeingia kwenye uchawi, na hadithi inageuka ya aina nyingine. Halafu pikipiki moja iwake. Hapo usikimbie. Ufunguo uko mkononi mwa mwenyewe, kamba yake imezungushwa kidoleni, naye yuko hatua kumi mbali, ananunua chapati. Injini inaunguruma peke yake, taa ya mbele inamulika miguu ya watu. Wote wanamgeukia, naye bado ana chapati mdomoni. Maneno 150 kwa picha hiyo si mengi. Ndiyo nguzo ya hadithi nzima, na ikipita kwa sentensi mbili, tuhuma zote zinazofuata zitaonekana za kulazimishwa.

Cha pili ni saa. Kule Marekani, majira hayo, saa 12 na dakika 43 bado kuna mwanga wa kutosha watu kubishana wakitazamana usoni. Kampala hiyo ndiyo saa ya jua kuzama, na tukiwa karibu hivi na Ikweta, dakika 20 au 25 baadaye ni usiku. Ukiiacha saa ya Serling utajikuta watu wanasikia kishindo, wanakusanyika, wanagombana na kuuana, vyote ndani ya nusu saa. Anza saa 11 na nusu. Unapata zaidi ya saa nzima ya mabishano mchana kweupe, kisha giza linashuka haraka, na huo uharaka ni zawadi ambayo Serling hakuwa nayo.

Bunduki ina matatizo yake. Maple Street imetoka nyumbani kwa watu, lakini Kisaasi bunduki anayo askari wa getini, mtu wa mshahara. Akifyatua yeye, majirani wote wanatakasika: alikuwa kazini, alikosea. Njia ninayoiona imara ni kuiondoa kabisa bunduki na kuacha neno moja lipigwe: "Mwizi!" Kila msomaji wa hapa anajua kinachofuata neno hilo. Hatari yake ni kwamba mawe yakirushwa na watu thelathini, muuaji anapotea, nawe unamhitaji Charlie wako, kwa kuwa baada ya maiti kutambuliwa ni yeye anayegeukiwa. Kwa hiyo mjenge kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza: sauti ya kukwaruza, au kigugumizi kwenye herufi moja, ili neno likipigwa gizani kila mtu ajue limetoka kwa nani.

Nyundo ibaki nyundo, tafadhali. Nimeshaona inageuzwa panga, na papo hapo hofu ya mtaa inakuwa ya haki.

Kuhusu wahusika, runinga inaweza kubeba wanane au tisa kwa sababu kila mmoja ana sura. Kwenye karatasi jina lisilo na sura linachosha. Watano wanatosha katika hadithi ya maneno 3,000. Mmoja wao anaweza kuwa mpangaji wa muzigo (chumba kimoja cha kupanga) aliyehamia juzi na anayeongea Kiswahili tu. Kiswahili hapa kilibebwa miaka mingi na jeshi na polisi, na bado wapo wazee wanaokisikia na kunyamaza. Lugha ya hadithi yako yenyewe inakuwa sababu ya kumshuku mtu. Usilifafanue jambo hilo. Mwache aseme "samahani, mama", kisha mama anyamaze.

Mwisho ndio uliotofautisha kipindi na kitabu. Runingani, viumbe wawili wako kilimani. Mmoja anamweleza mwenzake kwamba ukizima na kuwasha vyombo vichache, watu watamaliza kazi wenyewe. Kitabuni Serling anaongeza asubuhi: mtaa kimya, nyumba zimeungua, maiti zimelala. Kisha wakazi wapya wanahamia, watu wazuri wa sura, kila mmoja na vichwa viwili.

Kwa toleo la Kisaasi ningekata mazungumzo ya kilimani yote, kwani msomaji ameshaelewa. Ningebakisha wakazi wapya, katika maneno yasiyozidi 120. Ili hilo liwezekane mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, lazima asalimike usiku ule, maana mpangaji mpya huenda kwake kujiandikisha na muhuri uko kwake. Meza ya mbao, daftari la mistari, kidau cha wino wa zambarau. Mgeni ameinama mbele yake kwa adabu, na mwenyekiti, kalamu mkononi, anauliza aandike jina moja au mawili.